Mwogesha Watoto Akikohoa

Kitu cha kwanza walichonitengea ni kikombe. Kilikuwa kikombe chekundu cha plastiki, mpini umekatika nusu, na mkwe wangu Edina alikitundika kwenye msumari wake peke yake nje ya jiko, mbali na vikombe vya watu. Mimi nina akili zangu, na nikiona kikombe kinaning'inia peke yake najua kimetengewa nani. Kama na wewe umeambiwa juzi kwamba una TB, ukarudi nyumbani ukakuta kikombe chako kimehamishwa msumari, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi nimeshapona. Dawa zote nimemeza, vikopo vyote vya makohozi nimetemea, na sasa hivi ninapoandika nakunywa chai kwenye kikombe cha wageni, tena chenye maua.

Naitwa Generoza. Hapa Kaniha wakubwa wananiita Mama Deo, na watoto wananiita Bibi wa Maji, maana wengi wao mimi ndiye niliyewaogesha maji yao ya kwanza hapa kijijini. Mwanamke akishajifungua na kurudi nyumbani, mimi ndiye nilikuwa naitwa. Mama namkanda kwa maji ya moto, mtoto namwogesha asubuhi na jioni mpaka kitovu kidondoke, na baada ya hapo mpaka shingo ikaze. Si kazi ya mshahara, wanakuletea sabuni basi. Lakini tangu mume wangu atangulie, na magoti yangu yaanze kugombana na jembe, hiyo ndiyo iliyokuwa inanitoa kitandani. Mtu akibisha hodi asubuhi na mapema, "Mama Deo, amejifungua," nilikuwa najifunga kitenge kama msichana anayekwenda harusini.

Acha nikueleze tunavyofanya, maana bila hilo hutanielewa. Unakaa chini kwenye mkeka, unanyoosha miguu yote miwili, mtoto unamlaza juu ya miguu yako, kichwa kuelekea vidole. Unamwogesha, unamnyoosha viungo, unampaka mafuta. Mwisho unainama unampuliza masikioni, la kulia kwanza kisha la kushoto, maji yatoke. Kwetu mtoto huogeshwa kwa maji lakini humalizwa kwa pumzi. Nesi wa zahanati yetu hapendi jambo hilo, anasema kitambaa laini kinatosha, na mimi naye tumebishana mpaka tumezoeana. Halafu inakuja siku ya kumtoa mtoto nje. Watoto wa majirani wanajaa uani wanakula maharage na ndizi, na aliyekuwa anamwogesha ndiye anavuka kizingiti na mtoto mikononi, watu wote wanamwona. Siku hiyo hata kama una viatu vilivyochanika, unatembea kama mke wa mkuu wa mkoa.

Kikohozi kilinianza masika. Nikasema ni mvua. Nikanywa tangawizi, nikanywa mchaichai, nikalamba asali. Kitenge nilichokuwa najizungushia mara mbili kikaanza kunizunguka mara tatu na kubaki. Usiku shuka lilikuwa linalowa jasho mpaka nalianika asubuhi kabla Edina hajaamka, nisije nikaulizwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa nawaambia wenzangu methali hiyo miaka yote, na mwenyewe nikawa naanika shuka gizani. Siku nilipomwogesha mtoto mmoja nikashindwa kuinuka kutoka kwenye mkeka, mwanangu Deo akaita bodaboda, tukaenda hospitali ya Biharamulo mjini.

Wanaongoja vipimo vya kifua hukalishwa nje, kwenye benchi lililo upande wa upepo. Ukikaa pale unajua, na kila anayepita anajua. Walinipa kikopo, wakanielekeza nyuma ya jengo, kwenye jua, nikakohoe hukohuko. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja kutoka Nemba, amejifunga kitambaa mdomoni. Alichungulia kikopo changu akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hayo sasa ndiyo makohozi, mama! Mimi tangu asubuhi natoa mate tu, wananirudisha."

Nilicheka mpaka nikakohoa tena, na kikopo kikapata nyongeza. Mzee yule sikumjua jina, lakini siku ile nzima hakuna mwingine aliyenifanya nicheke.

Nesi wa pale hospitali aliponiita ndani akaniambia ni kifua kikuu, kinatibika, nitameza dawa miezi sita bila kuruka. Mimi nilikuwa na swali moja.

"Na watoto?"

"Watoto gani, mama? Umri huu bado una watoto wadogo?"

"Ninaowaogesha."

Hapo akaacha kutabasamu. Akataka kujua ni akina nani, nikamtajia wote wa masika ile, kila mmoja na mama yake. Waliitwa, wakapimwa, na wengine wakapewa dawa ya kinga. Kabla majibu yao hayajatoka sikula chakula kikakaa. Mungu ni mkubwa, wote walikuwa wazima. Lakini hakuna mama hata mmoja kati ya wale aliyepita kwangu kuniambia, nilisikia kwa Deo.

Ikaja habari ya msimamizi. Nesi alitaka mtu wa nyumbani atakayenitazama nikimeza kila asubuhi. Deo huwahi kwenye kazi ya kufyatua tofali kabla jua halijatoka. Edina alikuwa mjamzito, mimba iliyongojewa miaka mingi na sala za novena nyingi, na yeye nesi alimkataza kukaa karibu nami chumbani. Ndipo wifi yangu Odilia akasema, "Mimi nitamsimamia wifi yangu." Watu wakamsifu. Nami nikasema asante.

Odilia ni mdogo wake marehemu mume wangu. Aliolewa upande wa Ngara, akakaa Benaco miaka yote hiyo, yeye na mumewe wakiwa na duka. Mume alipofariki akarudi kwao, yaani kwetu, tukamjengea chumba na sebule ng'ambo ya uani. Ana kicheko kinachosikika mpaka barabarani na anapenda watu wamsikie. Nesi aliagiza wote tunaoishi pamoja wapimwe. Deo na Edina wakaenda. Odilia akasema yeye ni mzima kama chuma, tena analala nyumba yake, akaenda mnadani.

Basi kila asubuhi anaingia na maji na vidonge. "Fungua mdomo. Meza. Inua ulimi nione." Mimi! Mtu mzima, niliyewaosha watoto wao mpaka makwapani, nainua ulimi kama mbuzi anayekaguliwa meno. Na mwili wenyewe ulikuwa umenigeuka. Mkojo ukawa rangi ya mafuta ya mawese, nesi alikuwa ameniambia lakini siku ya kwanza nilipiga yowe hata hivyo. Viungo viliniuma, tumbo likawa linakataa harufu ya ugali. Odilia, nisimnyime haki yake, hakukosa hata siku moja, na mara nyingi alileta ndizi mbivu niweke kitu tumboni kabla ya vidonge.

Kiangazi kile, asubuhi moja, alinishika kidevu anitazame chini ya ulimi, na mkono wake ukanukia mafuta ya mtoto.

"Wifi, unatoka wapi?"

"Kwa Justa. Amejifungua. Wameniomba tu nishikilieshikilie mpaka utakapopona."

"Na wewe unajua kuogesha?"

"Si nilikuwa nakuona wewe?" Akacheka kicheko chake. "Haya, inua ulimi."

Mawe, mama yangu! Wivu ulionishika asubuhi ile sijawahi kuuona, hata siku za ujana mume wangu alipokuwa anachelewa kurudi kutoka kwenye pombe ya rubisi. Nilimeza vidonge na wivu pamoja, vikashuka vyote. Tangu siku ile nikawa naumwa magonjwa mawili, na la pili halikuwa na dawa pale hospitali.

Nilikuwa nakaa mlangoni kwenye kigoda changu nasikiliza. Mtoto wa Justa yupo nyumba ya tatu, na upepo ukija upande wetu nasikia kila kitu. Kilio cha maji ya moto nakijua, kilio cha baridi nakijua, na kilio cha mtoto aliyeshikwa na mtu asiyejua nakijua zaidi. Nilikuwa namwambia Edina, "Umesikia? Maji yamezidi moto." Kesho yake, "Umesikia? Anamvuta shingo." Wanawake wakipita wananisalimia kwa mbali, shikamoo Mama Deo, pole na kuumwa, nami naitika marahaba, halafu nawaona wanakunja kona kuingia kwa Odilia na sabuni zao kwenye mfuko. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Mimi nilikuwepo, na langu halipo. Wahenga hilo hawakulisemea.

Na yeye akaanza kutembea mwendo wangu. Nisikudanganye, alijifunga kitenge kifuani kama ninavyojifunga mimi, akawa anashika kiuno akiinuka kama ninavyoshika mimi, na magoti yake hayaumwi! Siku ya kumtoa mtoto wa Justa nje nilibaki nyumbani nikamenya ndizi. Niliposikia vigelegele nilijikata kidole.

Dawa za miezi miwili ya mwanzo zilipoisha nilirudi kwenye benchi la upepo, nikatema tena. Safari hii makohozi yalikuwa shida kupatikana, nami nikamkumbuka yule mzee wa Nemba. Nesi akanionyesha majibu, nimekuwa safi. Akasema nitaendelea kumeza mpaka mwisho lakini siambukizi mtu tena, nile na watu, nilale na watu, nishike mtoto nikitaka.

"Rudia hapo pa mwisho," nikamwambia.

"Shika mtoto, mama."

Niliporudi nyumbani niliimba njia nzima, mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza kama nimetoka harusini. Nikamwambia Edina habari yote. Akafurahi, akanikumbatia, tumbo lake likiwa limeshajitokeza. Lakini jioni alininywesha uji kwenye kikombe chekundu.

Baada ya siku chache Deo alikuja kukaa na mimi kwenye kigoda, akachora chini kwa kijiti kama alivyokuwa anafanya utotoni akitaka kuungama.

"Mama, tumekubaliana shangazi ndiye atamwogesha mtoto."

"Mmekubaliana na nani?"

"Mama, na wewe unajua. Tumengoja mno mtoto huyu. Edina anaogopa."

"Nesi kasema niko safi."

"Najua alivyosema nesi."

"Deo, watoto wa kijiji kizima nimewaogesha. Wajukuu wa watu. Mjukuu wangu mwenyewe ndiyo nimtazame kwa dirishani?"

Akaendelea kuchora. Nilishika jembe nikaenda nyuma ya nyumba nikapalilia maharage kwa hasira, na yaliyokuwa magugu na yasiyokuwa magugu, yote yalikwenda.

Mvua za vuli zilipoanza, Edina akajifungua mtoto wa kike. Tulimpokea kwa vigelegele, nikambeba kidogo huku Edina akinitazama mikono, kisha Odilia akaingia na karai. Aliogesha chumba cha pili, ukuta mmoja tu na mimi. Nilisikia maji. Nilisikia mtoto akinyamaza. Nikasikia akipuliza, fuu, sikio la kulia, kisha la kushoto. Halafu nikasikia kikohozi.

Kilikuwa kidogo, kikavu, kile cha kujizuia. Akakifunika kwa wimbo. Kesho yake kikaja tena, jioni tena. Nikaanza kumwangalia kwa macho mapya. Kitenge kilikuwa kinamzunguka. Na asubuhi nikitoka kunawa uso nakuta shuka lake limeshaanikwa chini ya mapaa, siku zote, na mvua ile.

"Wifi, unakohoa," nikamwambia.

"Vumbi tu."

"Vumbi gani, na mvua inanyesha wiki nzima?"

"Basi moshi wa jikoni. Inua ulimi."

Nilikwenda kwa Deo. Hata sikumaliza sentensi. "Mama, acha wivu," akasema. Edina alikuwa amempakata mtoto, machozi yakamtoka. "Mama, ulisema maji ya moto, ukasema mikono migumu, ukasema anamvuta shingo. Sasa umepata kikohozi. Shangazi amekutunza miezi yote hii. Kweli mama?"

Na alikuwa na haki. Nilikuwa nimeimba wimbo ule tangu kiangazi, nani angenisikia nilipobadilisha ubeti? Hata mimi mwenyewe nilijihoji nikiwa kitandani: Generoza, unamwogopea mtoto au unamtaka mtoto? Nikaona ni yote mawili, na sikuweza kuyatenganisha. Lakini kila asubuhi na kila jioni pumzi ile ilikuwa inaingia kwenye masikio ya mjukuu wangu, na mimi nilikuwa nasikia kila pumzi. Ningoje mpaka niwe na moyo safi ndipo niseme?

Asubuhi iliyofuata Odilia aliingia na maji na vidonge vyangu.

"Fungua mdomo, wifi."

"Sifungui."

"Umeamkaje leo?"

"Sitameza mpaka na wewe ukateme kwenye kikopo."

Aliweka kikombe chini. Kicheko kilianza kikakatika. "Unamtaka mtoto. Sema tu."

"Namtaka. Namtaka mno. Na siku zote hizi nilikuwa naomba uteleze uanguke na karai lako mbele ya watu. Umesikia? Nimesema. Lakini kikohozi hicho nimekibeba mimi, wifi, nakijua hata kwa jina lake la ubatizo. Na shuka pia nilikuwa naanika kabla watu hawajaamka."

"Ukiacha dawa itakurudi. Itarudi sugu, nesi alisema."

"Basi wewe msimamizi utakwenda kumweleza nesi kwa nini mgonjwa wako amefunga mdomo."

Wewe unayesoma usinifuate kwa hilo, dawa haichezewi. Lakini mimi sikuwa na kitu kingine mkononi. Deo hanisikii, Edina hanisikii, na mwili wangu ndio kitu pekee ambacho Odilia alikuwa ameahidi mbele ya watu kukilinda.

Alikaa chini, palepale kwenye sakafu.

"Wifi," akasema, "Benaco nilikuwa Mama wa Dukani. Nikipita naitwa huku na huku. Nilipokuja hapa nikawa mjane aliyerudi. Mnanipa chakula, mnanipa chumba, asante. Lakini mtu wa kwanza kunibishia hodi kwa kunihitaji ni Justa. Wakijua nakohoa ndiyo basi. Niliona walivyokufanya wewe. Niliona kile kikombe. Nikiondolewa watoto, nitaamkia nini?"

Maneno yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyalalia tangu kiangazi sijamwambia mtu, na yeye akayatoa kama yake. Unajua, hata hapo nilimwonea wivu kidogo, kwamba ameweza kuyasema na mimi sijaweza. Nikamwinua kwa mkono.

"Vaa viatu," nikamwambia. "Na vidonge vyangu vibebe."

Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati na mimi nyuma, mvua ikitupiga usoni. Nesi aliponiona sijameza alinigombeza mbele ya watu, nikameza mbele yake na ulimi nikauinua bila kuambiwa. Kisha tukakaa kwenye benchi la upepo. Odilia alikwenda nyuma ya jengo na kikopo, akarudi.

"Hayo ni mate," nikamwambia. "Rudi. Kohoa kutokea tumboni."

"Na wewe umekuwa daktari?"

"Rudi, Odilia."

Alirudi, akatoa yanayotakiwa. Tukangoja. Alinishika mkono na mkono wake ulikuwa wa moto, nami nikasali sala mbili kwa pamoja, moja kwamba asiwe nayo, na nyingine sikutaka kuisikiliza. Majibu yalipotoka nesi alimwita ndani nami nikaingia naye. Ilikuwa TB. Odilia hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Na mtoto?"

Mtoto alipimwa wiki ileile. Alikuwa mzima, akaanzishiwa dawa ya kinga, na Edina na Deo wakapimwa tena. Watoto wengine aliowaogesha Odilia nao wakafuatwa, wazima wote. Deo siku mbili nzima hakuweza kunitazama usoni, alikuwa anapita nyuma ya nyumba. Jioni ya siku tuliyorudi Edina ndiye aliyekuja, karai mkononi, akasimama mlangoni pangu.

"Mama, hebu shika maji haya. Yamefaa?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa jibu, tena jibu kali. Muulize shangazi yako. Lilifika kwenye meno likaishia hapo. Nilitia kiwiko majini. "Ongeza kidogo ya baridi," nikasema, nikatandika mkeka. Nilimlaza mjukuu wangu juu ya miguu, kichwa kuelekea vidole. Nilimwogesha, nikamnyoosha, nikampaka mafuta. Nilipoinama kumpuliza nikashindwa. Nesi amesema niko safi, vipimo vimesema, na bado midomo yangu ilikataa. Nikachukua kitambaa nikamfuta masikio. Edina aliona, akapokea kitambaa kile.

Siku ya kumtoa nje ikafika. Nilivaa kitenge kipya. Nilivuka kizingiti na mjukuu wangu mikononi, vigelegele vikapigwa, watoto wakapiga kelele na midomo imejaa maharage. Nilifurahi. Furaha ilinijaa mpaka kooni, na sehemu yake ilikuwa furaha mbaya, maana nilimtafuta Odilia kwa macho nimwone ananiona. Alikuwa amekaa peke yake migombani, kigoda chake mbali, kitambaa mdomoni. Alikuwa ananitazama mikono. Macho yale niliyajua, maana yalikuwa yangu. Na nyuma yake, kwenye ule msumari nje ya jiko, kikombe chekundu kilikuwa kinaning'inia, kimeoshwa, kinamngoja.

Nilimpa Edina mtoto. Nikaenda nikatungua kikombe kile, nikachota nacho chai kwenye sufuria kubwa ya wageni, nikainywa yote nimesimama katikati ya uani. Nesi alikuwa ametuambia siku ya kwanza kabisa kwamba TB haiambukizwi kwa kikombe, inapita kwenye hewa, na wote tulikubali kwa vichwa. Nilipomaliza nikakiweka chini nikakikanyaga. Kililia tap. Watoto wakacheka. Usidhani nilifanya hivyo kwa kumpenda Odilia, upendo ulikuja baadaye na ulikuja kwa kuchechemea. Nilikuwa nakichukia kikombe kile.

Tangu hapo asubuhi zetu zikawa mbili kwa moja. Mimi namalizia dawa zangu, yeye anaanza zake. "Fungua mdomo." "Fungua wewe kwanza." "Inua ulimi." Alipoona mkojo wake umebadilika rangi alipiga yowe kule chooni, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Viungo vilipomuuma nilimkanda kwa maji ya moto. Nami nikampelekea ndizi mbivu, kubwa kuliko alizokuwa ananiletea. Niliachishwa dawa majuma machache kabla ya Krismasi. Wanawake walirudi na sabuni zao. Niliogesha watoto wao, na kila niliporudi nilimkuta Odilia mlangoni ananinusa mikono kwa macho.

"Mtoto wa nani?" anauliza.

"Wa kike," najibu, napita. Sikuwa malaika.

Yeye alimaliza masika. Nesi alimpa majibu ya mwisho, safi. Na wiki iliyofuata asubuhi, mvua ikiwa imekatika, nikasikia hodi uani. Nilikuwa nimeshashika kitenge. Halafu nikasikia sauti ya mwanaume ikisema, "Mama Odilia, amejifungua."

Walikuwa wamebisha kwake. Nilisimama na kitenge mkononi, na wivu wangu wa zamani ukaamka na kukaa kitandani, unajinyoosha. Nikamsikia Odilia akiosha karai. Kulala ningelala, nani angenilaumu? Nilijifunga kitenge nikamfuata. Sikualikwa. Aliponiona nyuma yake njiani hakusema karibu wala rudi.

Nilikaa kwenye kona ya mkeka nikamtazama akiogesha. Maji hayakuwa ya moto. Shingo hakuivuta. Inaniuma kuandika, lakini ana mkono mzuri. Alimpaka mafuta, akamfunika, akainua kichwa cha mtoto, akainama apulize, akaishia hapohapo. Midomo yake ilikuwa imekataa. Aligeuka akanitazama.

"Puliza wewe, wifi."

"Wewe ndiye uliyeitwa."

"Naiogopa pumzi yangu."

"Hata mimi naiogopa yangu. Tangu vuli nafuta kwa kitambaa."

Hakujua hilo. Tulitazamana, wazee wawili, na mtoto wa watu anangoja katikati yetu, masikio yamelowa. Kisha nikasogea kwenye mkeka, nikainama, nikapuliza sikio la kulia. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, akaendelea na usingizi wake. Nikamgeuza.

"Hili lako," nikasema.

Odilia akapuliza la kushoto, taratibu, macho ameyafumba.

Njiani kurudi tulitembea bega kwa bega mpaka kwenye migomba yetu. Hapo akasema jioni tutarudi pamoja, na watakaobisha kesho na keshokutwa tutakwenda pamoja, tutagawana.

"Sawa," nikamwambia. "Ila sikio la kulia ni langu."